Salamu za Yoeli kwa Kima

Mdogo wangu Yoeli alikuwa mwalimu pale Kifanya. Vita vya Hitla vilipokwisha akaja bwana mmoja Mwingereza, mtafiti wa wanyama, akamchukua wakachunguze kima msituni. Bwana yule akaugua, akarudi kwao. Mwenye akili zake angerudi kushika chaki. Yoeli akabaki msituni peke yake, bila mshahara, eti kazi haijaisha. Nilimwambia ana wazimu, akacheka tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kima akikuona hukimbia, na anayekukimbia huwezi kumjua. Lazima akuzoee kwanza. Basi kila asubuhi Yoeli alisimama chini ya miti akawasalimia kwa Kibena chetu, "Kamwene," kama anasalimia wazee wa kanisa, kisha akakaa kimya mpaka jua kali. Miaka ikapita. Watu walimcheka hadi wakachoka. Siku moja kima hawakukimbia. Alikuja nyumbani machozi yanamlengalenga, akanieleza kuna jike mmoja mzee, mkali, anawafokea wenzake kutwa nzima, naye amempa jina Hulda. Hulda ni mimi, dada yake. Nilinuna, lakini moyoni nilifurahi.

Sasa, kima hao hao walikuwa wanakula mahindi yetu. Nisiwe mwongo, shamba langu walilimaliza. Jumbe akatangaza msako: wanaume wote waingie msituni, kila nyumba ilete mikia. Yoeli akaenda kumwomba jumbe mpaka akapiga magoti. Jumbe akamuuliza kama kima ndio watakaolisha watoto wetu.

Jioni ya kuamkia msako aliingia msituni na fimbo na mawe, nami nikamfuata. Akapiga makelele, akawatukana, akawarushia mawe ili wamwogope. Walipanda juu kidogo tu. Alipochoka akakaa chini, nao wakashuka, wakakaa pale walipozoea, wanamtazama. Yule Hulda alikuwa karibu kabisa.

"Ondoka, Hulda," alimwambia. "Ondoka." Kisha akanigeukia. "Dada, hawanielewi."

Nikaiokota fimbo yake, tukarudi nyumbani.

Kesho yake vijana walirudi mapema, hata jasho hawakutoka. Mmoja alipita mlangoni kwangu na mikia begani, anacheka. "Shangazi, kima wa mwalimu hawana shida. Unawaambia kamwene, wanakaa kukusubiri."

Yoeli alikuwa nyuma yangu. Alisikia.

Alihamia Makambako, akawa mpakiaji wa magunia kwenye malori. Watu wa huko walisema ana kiburi, haitikii salamu ya mtu. Iliniuma, nikamfuata. Nilimwona kwa mbali ameinamia gunia, nikamwita, "Kamwene."

Aliinua uso, akanitazama, akaanza kurudi nyuma huku ananipungia mkono niende zangu.

"Ondoka, Hulda," akasema. "Ondoka."

Tangu utoto wake Yoeli hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote aliniita dada.