Mama anataka kumzika mdogo wangu kwa sababu ngazi imenyamaza

Admin, nifiche jina tafadhali, maana Musoma ni padogo na wapangaji wenzangu wengi wako humu kwenye page. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Bunda, anakuja mwisho wa wiki. Naandika nikiwa nimejifungia chooni, ndiyo sehemu pekee ninayoweza kulia bila mama yangu kunisikia. Macho yake yameingia ukungu na miguu inamvimba, hatoki ndani, lakini masikio, jamani! Jirani akifunika sufuria, mama anasikia.

Tunaishi chini kwenye nyumba ya ghorofa. Ngazi ni ya chuma, iko nje, wapangaji wote wa juu wanapita hapo, na imefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba anacholala mama. Mtu akikanyaga, ukuta mzima unaitikia. Zamani kelele hiyo haikunisumbua, kwa sababu mmoja wa waliokuwa wanapita ni mdogo wangu, nimwite Magesa. Alipanga chumba cha juu kabisa. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Asubuhi akitoka ziwani alipanda na mabuti yake mazito, akifika usawa wa ukuta wangu anaupiga ngumi moja. Hapo najua amerudi salama, naweka chai.

Mwaka jana ziwa lilichafuka, mtumbwi ukarudi bila yeye. Tulimtafuta mpaka watu wakachoka, mwili haukuonekana mpaka leo. Nikamtoa mama kijijini kwetu Murangi nikakaa naye mimi, maana kule alishinda ufukweni anauliza kila mvuvi.

Kwetu mtu akipotea ziwani hivyo, ndugu wanazika mgomba mahali pake ili msiba uishe. Baba zangu wadogo walishakuja kumwomba mama akubali. Aliwajibu mbele yangu, "Mimi nilizaaga mtu. Sikuzaaga mgomba." Wakaondoka na kofia zao mkononi.

Kile chumba cha juu kikachukuliwa na kijana anayefanya kazi ya ulinzi, anavaa buti za kazi. Siku ya kwanza anapanda, mama aliinuka kitandani. "Umesikia? Si Magesa huyo?" Nikamwambia ni mpangaji mpya. Akanikazia, "Wewe ndo unifundishe miguu ya mwanangu?"

Toka hapo akisikia buti anaita, "Magesa, umekula?" Na kijana wa watu, kwa adabu zake, anajibu, "Nimekula mama, asante!" Mama anajilaza anatabasamu. Mimi naondoka nikaoshe vyombo visafi. Samaki nikipika, kipande kizuri anakiweka kando. Siku kijana asipopita, mama hali wala hamezi dawa mpaka apite. Presha ikapanda, na daktari akasema huyu mama apate utulivu.

Nikaongea na mama mwenye nyumba, akakubali tuipunguze kelele ya ngazi. Tulianza na kapeti, mvua ikailowesha, mpangaji mmoja akateleza nusura avunjike kiuno. Mama alipokwenda kliniki na mume wangu, fundi akalegeza bolti akaweka raba za tairi kati ya chuma na ukuta, halafu akabandika raba kwenye kila kikanyagio. Kijana nilimwomba avue buti chini, apande na ndala. Akaniambia, "Sawa dada. Hata mimi nilikuwaga naumia kumwitikia."

Ngazi ikanyamaza kabisa. Jirani mwenye mtoto mchanga aliniletea ndizi za kunishukuru. Nami nilifurahi, sitaki kuwadanganya.

Mama alikuwa anaweka tu kiganja ukutani, anakaa hivyo muda mrefu. Chakula akawa anakula chote, hata kile kipande cha samaki. Nikajua anapona. Juzi asubuhi akaniita nikae karibu yake.

"Waambie baba zako wadogo wakate mgomba," akasema. "Mtoto alikuwaga anapitapita hapa, hakutaka kuniacha. Sasa ameenda. Tumzike, apumzike."

Nilitoka nje nikashika ile ngazi, nikauma kanga asinisikie nikilia. Baba zangu wadogo wanasema Mungu ametenda, wameshaanza kuandaa Murangi. Mume wangu naye ananiambia, "Funga mdomo wako. Raba imefanya kazi iliyowashinda baba zako wadogo. Bora uongo unaojenga." Inawezekana yuko sahihi. Hata mimi nataka msiba huu uishe, nimechoka kumlilia mdogo wangu chooni. Lakini mama aliwakatalia ndugu wote wazima, akaja kuamini masikio yake tu, na hayo masikio nimeyaziba mimi. Akija kusikia baadaye kwamba alimzika mwanawe kwa sababu ya vipande vya tairi, ataniangalia kwa jicho gani? Na nikimwambia leo, ataanza upya kumngoja mtu ambaye ninyi na mimi tunajua harudi.

Jana nikimpaka mafuta miguuni amenishika mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe una macho. Siku ile ya mwisho alipopita hapa, alikuwa anapanda au anashuka? Kama alikuwa anapanda, bado yuko huko juu."

Nikasema naenda kuangalia maharage jikoni. Hatukupika maharage.

Kesho kutwa tunaondoka kwenda Murangi. Amenikumbusha leo tena kwamba sijamjibu. Mliowahi kuzika bila mwili, mnaojua uchungu wa mama, nishaurini ndugu zangu. Nimwambie ni raba? Au nimwambie alikuwa anashuka?