Klachi ya Feni na Mikono Miwili

Saa nane mchana, Jumapili. Majirani wa Nkubu wamerudi kutoka kanisani na harufu ya chapati imetanda hadi barabarani. Karambu Muthamia, 54, bado hajala. Ameinama juu ya injini ya pikapu yake nyuma ya nyumba, kiganja cha kushoto kikikandamiza fanbelti ili puli, gurudumu linalobeba feni, isizunguke, cha kulia kikivuta spana. Nati ya kwanza inakataa. Anaiambia neno la Kimeru ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha.

"Hii kazi ni ya watu wawili," anasema. "Mzee alikuwa anafungua, mimi nashika belti. Sasa nashika na bado nafungua."

Mwandishi anapojitolea kushika, anakataa.

"Wewe kesho hauko. Wacha nizoee."

Mzee ni mumewe, Muthamia, aliyefariki miaka miwili iliyopita na kumwachia gari pamoja na kazi yake: kukusanya maziwa ya wakulima arobaini kila asubuhi na kuyafikisha kwenye tangi la kupozea. Mwezi huu injini imechemka mlimani mara mbili, akakwama juani, maziwa yakachacha. Wakulima wamemwambia yakiharibika tena watatafuta gari lingine. Kesho ndiyo kesho.

Ugonjwa anaujua. Klachi inayoifanya feni ivute hewa kwa nguvu injini ikipata joto imekufa. Ukiisukuma feni kwa kidole, inazunguka bure.

Klachi mpya aliyonayo leo ni ya pili. Ya kwanza aliilaza juu ya gunia la maharagwe, akimngoja shemeji yake, Riungu. Aliona si heshima kufungua gari la marehemu bila ndugu wa mume kuwepo. Kila siku Riungu alikuwa anakuja kesho, hadi zikaisha wiki tatu. Kumbe klachi hiyo huwekwa wima. Ikilala, mafuta yake ya ndani huvuja. Alipoiinua, gunia lilikuwa limelowa.

"Nililia," anasema. "Si juu ya klachi. Nilijua tu hakuna mtu anakuja."

Nati ya nne inalegea saa tisa na nusu. Anachomoa feni polepole asitoboe rejeta, anafunga klachi mpya, anarudisha kila kitu. Kisha anapakia madumu ya maji mahali pa maziwa na kuupanda mlima uleule. Macho hayabanduki kwenye sindano ya joto. Inafika katikati, inatulia hapo hadi juu.

"Kesho wataniona," anasema, na anacheka kidogo.

Mwezi ujao atabadilisha pampu ya maji. Hata safari hiyo hatamngoja Riungu. Amemwomba Ciakuthii, mjane wa ng'ambo ya ua, aje siku hiyo.

"Yeye hajui gari hata kidogo," anasema Karambu. "Nimemwambia alete kiti tu."