Moshi wa Kwa Bibi

Wenzangu wa rika langu mliokulia upande wa Susuni, mnakumbuka tulivyokuwa tukielekeza wageni? Mtu akiuliza bibi yenu anakaa wapi, hukuhangaika kumpeleka. Ulimsimamisha uwanjani, ukanyoosha mkono juu mlimani, ukamwambia, "Unaona ule moshi? Ndiyo pale." Mgeni ameshaelekezwa, kazi ya kupanda ni yake.

Bibi yetu, mama yake baba, aliishi peke yake karibu na kilele, katika kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi. Ukoo mzima ulikuwa umeshateremka kufuata barabara, shule na zahanati. Yeye aligoma. Babu alizikwa pale ubavuni mwa nyumba, na bibi alisema hawezi kumwachia mzee baridi yote ile peke yake. Baba, ambaye alikuwa akifanya kazi Musoma na kuja mwisho wa mwezi, alimbembeleza mpaka akachoka.

"Mura, kijana wangu," bibi alimwambia, "nikishuka huko nitakuwa mgeni wa mke wako. Nikikaa hapa, mke wako ndiye mgeni wangu."

Baba hakuligusa tena jambo lile.

Kiangazi, kwenda kwa bibi kulikuwa sherehe. Njia ilikata moja kwa moja: unavuka kijito kwa kurukaruka juu ya mawe, unapanda kwenye miamba huku pimbi wakikupigia kelele, unatokea kwenye shamba lake la ulezi. Mimi na kaka yangu Mwita tuliondoka baada ya uji, tukafika jua halijakolea. Visingizio havikuisha. Leo tunapeleka chumvi, kesho tunarudisha kibuyu, keshokutwa tumesahau kibuyu kingine. Bibi alitukamulia, na kama ametuona tumechoka alitutolea maziwa ya mgando yenye ile harufu ya kibuyu kilichofukizwa. Maziwa ya pakiti ya siku hizi nanywa tu, ila siyaamini. Wakati wa kurudi tulikalia magome ya mgomba tukateleza kwenye nyasi kavu mpaka chini, na kaptula ya Mwita ikatoboka palepale ilipokuwa imeshonwa juzi. Mwalimu wetu, aliyeletwa kutoka kusini na aliyevaa sweta mbili mwezi wa saba, alimwuliza mbele ya darasa kama kwao viti ni vya mawe.

Watoto wangu mimi nikiwatuma dukani, mtaa wa pili tu, wananiuliza kama nimewapa na nauli ya bodaboda.

Masika, njia ile ilikufa. Kijito kilijaa, ukakisikia usiku ukiwa kitandani, na ile miamba ikaota utelezi ambao hata mbuzi waliuheshimu. Njia ya masika ilizunguka nyuma ya mlima, ikapita kwenye mibuni ya watu, ikavuka maji kwa gogo, halafu ikapanda kwenye ule udongo mwekundu unaonata. Kila ukiinua mguu unainua na shamba la mtu. Uliondoka asubuhi ukafika mchana, umelowa, na ilibidi ulale hukohuko. Kwa hiyo masika hatukwenda. Hakuna aliyepitisha uamuzi huo. Kulima kulikuwepo, kupalilia kulikuwepo, shule ilikuwepo, na mvua ilikuwa juu ya vyote hivyo.

Tulichofanya ni kuangalia moshi. Kila asubuhi, ukungu ukishapanda, mama aliniita kutoka jikoni. "Robi, tazama kwa bibi." Nilitoka nyuma ya jiko, nikainua macho, nikajibu, "Moshi upo, mama." Naye alisema, "Haya, ameamka," akashika jembe lake. Mwita alikuwa na mchezo wake. Alisimama juu ya kichuguu akapaza sauti, "Shikamoo bibi!" kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya kizee, "Marahaba, mume wangu." Tulicheka sana. Tuliona tumemsalimia.

Mwaka mmoja masika ilikuja kwa nguvu, tukamaliza mwezi na zaidi hatujamwona bibi kwa macho. Baba naye alikwama Musoma, barabara zimeharibika. Asubuhi moja nilitoka nyuma ya jiko kama kawaida, nikatazama, nikafuta macho, nikatazama tena.

"Mama, moshi haupo."

"Kuni zitakuwa zimelowa," mama alisema. Alikwenda shamba, lakini siku ile alilima akiwa ameelekea mlimani.

Kesho yake ukungu uliinuka vizuri, kibanda kikaonekana wazi, nyasi zake zimekuwa nyeusi kwa mvua. Moshi haukuwepo. Mama aliweka jembe chini. Aliingia jikoni, akachota makaa ya moto kwenye kigae, akayafukia kwa majivu, akafunika na kigae kingine, akavifunga pamoja kwenye kitambaa. Mimi na Mwita tulimtazama tukaelewa. Kama bibi moto umemzimikia, tunampelekea. Kama ni lile jambo jingine, hakuna aliyelitaja.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Mama alitangulia akiwa amekikumbatia kigae kama mtoto mchanga, na mvua ilipoanza upya alikiinamia yeye akilowa. Kwenye gogo alivuka kwa kutambaa, kigae kikiwa kifuani. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama mtu aliyekufa anaogopesha ukiwa umemzoea. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na aibu pia, kwa sababu nilijaribu kuikumbuka sura ya bibi na nilichokiona ni moshi tu.

Mlango wa kibanda ulikuwa umeegeshwa. Mama alibisha hodi, kisha akausukuma.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amejifunga mablanketi mawili, miguu yake imekuwa ya kijivu kwa baridi. Alikuwa mzima. Mafiga yamefagiliwa, majivu yametolewa yote. Juu darini kuni zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye paa, kavu kabisa, na kiberiti kilikuwa mahali pake juu ya mtungi. Mama aliziangalia zile kuni. Ndipo alipojua, na nilijua kwa kuuangalia uso wake.

"Kumbe njia bado ipo," bibi alisema.

"Mama, umetuua," mama alisema. Alikaa chini kwenye udongo akalia, kile kigae bado kiko mapajani.

Bibi hakukasirika wala hakuomba radhi. Alisema mambo yake polepole, anakohoa katikati. "Mimi huwasikia huku juu. Huyu mume wangu anausalimia moshi, na mwenyewe anajiitikia. Sasa nikasema, acha niuzime, nione anayesalimiwa ni mimi au ni moshi." Kisha akamshika mama bega. "Mwanangu, kiangazi hata mgeni anafika hapa. Masika anafika wa kwako."

Mama alipiga magoti, akafukua yale makaa kwenye majivu. Moja tu lilikuwa bado jekundu. Alilipuliza mpaka moto ukawaka. Tulipika ugali wa ulezi na majani ya maboga, tukala, tukalala pale, mimi ubavuni kwa bibi. Kifua chake kilikuwa kikikwaruza usiku kucha. Baridi ile haikumtoka upesi.

Tangu siku ile mama alipanda kila wiki, mvua au jua, na mara nyingi tulipanda naye. Bibi alifariki miaka kadhaa baadaye, katikati ya kiangazi. Mlima ulijaa watu. Walikuja kutoka Sirari, kutoka Bomani, hata ndugu wa ng'ambo ya mpaka ambao hatukuwahi kuwaona, wakitusifia njia nzuri. Mama aliwapikia wote. Alipopita karibu yangu na sufuria alinitazama, na nilijua anafikiria nini.

Siku hizi mambo ni mepesi, tunasema. Baba naye alipofariki alizikwa palepale, karibu na wazazi wake. Haukupita muda mama akafunga mizigo yake akahamia juu. Tuliongea mpaka tukachoka, kama baba alivyochoka. Mwita, ambaye sasa anafanya kazi Mwanza, aliezeka kibanda kwa bati, akaweka na sola ya kuchajia simu. Mimi niliolewa huku Mugumu, na kila asubuhi nikiwa nachemsha chai nampigia. "Mama, umeamkaje?" "Salama." "Haya mama." Naendelea na kazi zangu. Wanangu wao hata kupiga hawapigi, wanamtumia picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema. Mdogo aliwahi kuniuliza kwa nini bibi hatumi lokesheni.

Masika hii iliyopita nilipiga, simu haipatikani. Nikasema ni chaji, jua hakuna. Kesho yake nikapiga nikiwa bado kitandani. Haipatikani. Nikampigia Mwita, naye alikuwa amejaribu tangu jana. Akasema, "Robi, wewe ndiye uliye karibu."

Nilipanda gari, nikavuka Mto Mara, nikapita Nyamongo, nikafika Tarime mjini, nikabadilisha gari. Kijana wa pikipiki alinifikisha kwenye mibuni akazima injini. "Hapo mbele hapana, mama, labda uje kiangazi." Nilivua viatu. Gogo bado lipo, ila si lile. Nina kilo za mtu mzima sasa na magoti yasiyonitii, na udongo ule haukuwa umenisahau. Nilipanda nikilia njia nzima, na safari hii sura ya mama niliikumbuka, kila mstari wake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunga blanketi. Simu ilikuwa mezani kwenye waya wake, taa ya kijani inawaka, chaji imejaa, ila imezimwa. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa.

Niliangalia mafiga, nikaangalia kuni. Yote yalikwisha kusemwa ndani ya nyumba ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama miguu iliyojaa matope, muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. "Sasa washa moto, nimekufa kwa baridi."

Nilipiga magoti nikauwasha. Ulipokolea nilitoka nje kuangalia moshi ukipita kwenye bati na kupanda juu ya mlima. Huko chini palionekana uwanja wetu wa zamani, jiko limeshaanguka, migomba imejiotea yenyewe. Hapakuwa na mtoto wa kusimama pale nyuma ya jiko na kusema kwamba moshi upo.