Mama Mdogo Alirudi Anajua Kila Kitu

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, jua bado liko juu ya vilima. Naandika saa kwa sababu najua utasema nilikuwa usingizini. Sikuwa nimelala. Nilikuwa Butiama kwa bibi, nakoroga uji wa mtama jikoni.

Mimi nasoma kidato cha tatu Bunda, likizo naendaga kwa bibi. Sio muongeaji. Wageni wakija najificha. Hata maswali ya bailojia simuulizagi mwalimu, nauliza ile programu ya kwenye simu. Inajibu upesi na haikucheki.

Basi, akaingia mama mdogo Nyangeta.

Ngoja nieleze. Mama mdogo alikuwa akibeba mawe ya dhahabu kwenye mashimo ya Buhemba. Shimo moja likatitia, hakuonekana tena. Tulikaa msiba bila mwili, tukazika mgomba badala yake, tukanyolewa nywele wote. Sasa amesimama mlangoni, ananiita jina langu la nyumbani. Niamini.

Bibi alipiga yowe. Kisha akaanza kumhoji, maana alimtaka mwanawe, sio sura ya mwanawe.

"Ng'ombe wa kwanza wa mahari yako alikuwa rangi gani?"

"Mweusi, paji jeupe."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Alikufa kwa malaria. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Hakukosea hata moja. Ila kifo cha kaka yake alikisema kwa sauti ileile aliyotajia rangi ya ng'ombe.

Jirani yetu, mama Wegesa, akachungulia. "Weee, mama! Huyo msukule, mfu wa wachawi! Mlizika mgomba, sasa mmeletewa ganda. Mfukuzeni kabla hajalala humu."

"Mbona anajibu?" bibi akauliza.

"Hata simu ya mjukuu wako inajibu. Kwani kuna mtu ndani?"

Kuna siku niliiuliza simu kama inaumia nikiizima. Ikanijibu vizuri sana, nikabaki sijui niamini nini.

Hapo uji ukaanza kufurika. Mama mdogo akainama, akaiepua sufuria kwa mikono mitupu. Akabaki ameishika.

"Mama mdogo, weka chini! Unaungua!"

Akanitazama. "Ndiyo. Sufuria ni ya moto. Ngozi inaungua."

Nilisikia harufu. Ilibidi niipige ile sufuria kwa mwiko ndipo ikamtoka, uji wote ukamwagika.

Mama Wegesa alikuwa ameshaokota fimbo ya kuswagia ng'ombe. "Mmeona? Hasikii kitu! Hata nikimchapa hatajua."

Bibi alinigeukia mimi, eti kwa kuwa nimesoma. "Mjukuu wangu, mwanangu yumo au hayumo?"

Wewe ungejibu nini? Darasani tunafundishwa kwamba neva zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Nani anaipokea huko, hatujafundishwa. Inawezekana mtu akajua yote na ndani hamna anayejua? Au yumo, ila njia ya kutokea ndiyo imezibwa?

"Bibi, sijui," nikasema. "Lakini asipigwe."

Nikasimama mbele ya mama mdogo. Sijawahi kusema kitu kwa sauti kubwa vile. Mama Wegesa akasonya, akatupa fimbo, akaenda zake.

Mpaka leo mama mdogo anaishi kwa bibi. Anapalilia, anahesabu mbuzi, hakosei. Majirani hawapitagi tena uani kwetu, na bibi humwita jina lake usiku akisubiri aitikie tofauti. Na wewe unayesoma nakuonya: usiseme mtu yumo kwa sababu tu anajibu vizuri, wala usishike fimbo kwa sababu tu halii.

Lakini asubuhi ya baada ya siku ile, Jumapili, bibi alipokwenda kanisani, nilimkuta mama mdogo anafagia uwanja, malengelenge yamempasukia viganjani. Nikamketisha, nikamwosha kwa maji baridi.

"Mama mdogo, inauma?"

"Palipoungua panauma," akasema, sauti ileile.

Nikapuliza. Halafu nikamfunga kitambaa, polepole, nisije nikamuumiza.