Mabano Yasiyojifunga

Chadia alipochukuliwa kwa majaribio na Constantin, mwenye ofisi, alikuta kompyuta atakayoitumia ina mtu tayari. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha villa moja mtaani Golf, na mashine nzuri ilikuwa moja tu, ile iliyounganishwa na betri kwa siku umeme unapokatika. Asubuhi ilikuwa ya Anaclet, aliyekuwa kwenye majaribio kama yeye. Kuanzia saa saba mchana ilikuwa ya Chadia. Wote wawili waliandika programu ileile ya kutoa bulletin, yaani ripoti za alama za wanafunzi, na wote walijua kwamba ikimalizika, Constantin atabaki na mmoja.

Chadia alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Hewa Bora, ukoo uliohama kutoka Maniema enzi za babu. Papa Anaclet alikuwa anaikaribia hamsini. Baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka Kabalo. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya vyuma mpaka siku mashine ya kukunja mabati ilipokichukua kiganja chake cha kulia. Akiwa bado na bandeji hospitalini alianza kusoma kitabu cha programu alichoazimwa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Sasa aliandika kwa mkono wa kushoto, na kigutu cha kulia alikitumia kwa kazi moja: kukandamiza kile kitufe cha kando kinachotakiwa ili kupata mabano.

Maana kwenye kibodi ya Kifaransa yale mabano yenye umbo la nyusi, accolade, hayatoki kwa mguso mmoja. Unashikilia kitufe hiki, unabonyeza kile. Na programu imejaa accolade. Kila inayofunguliwa lazima ifungwe. Ikibaki moja wazi, kazi nzima inakataa kwenda. Kwa bahati, kihariri walichoandikia kilikuwa na msaada wake: ukiweka bano la kufungua, chenyewe kinaweka la kufunga. Alama za kunukuu vilevile. Anaclet aliufurahia sana msaada huo.

"Hii machine iko na huruma," alimwambia Chadia siku ya kwanza. "Nusu ya kazi inanifanyia."

Chadia aliuchukia. Alijifunzia kwenye kompyuta kuukuu zisizomsaidia mtu, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kufunga vyenyewe. Kila alipotaka kuongeza bano mbele ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, kihariri kilimbandikia mwenzake palepale, pasipotakiwa, naye akafuta, akasonya, akaendelea. Jumanne moja alikuwa na haraka. Akafungua mipangilio, akazima mabano, akazima na alama za kunukuu. Kazi ikateleza mpaka jioni.

Hakumfikiria Anaclet. Maneno hayo alijiambia baadaye mara nyingi, na yalikuwa kweli, ila kwa siku moja tu.

Jumatano alifika akamkuta papa Anaclet bado kitini, shati limelowa mgongoni. Constantin alisimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Tangu asubui inakatala," Anaclet alisema. Kisha akageuka. "Ma Chadia, uligusa kintu mu machine?"

Constantin naye akamtazama. Wiki hiyohiyo alikuwa amekataza mtu yeyote kubadilisha chochote kwenye mashine bila kumuuliza.

"Hapana, papa," Chadia akajibu. "Siyagusa kintu. Pengine ilijibadilisha yenyewe."

Anaclet alimwamini; hakujua kwamba msaada ule unaweza kuzimwa, akaanza kujilaumu mwenyewe kila aliposahau bano. Mchana ule, alipobaki peke yake, Chadia aliifungua tena mipangilio. Kurudisha kulikuwa kubonyeza mara mbili tu. Lakini kesho Anaclet akikuta imerudi, si atajua mara moja ni nani? Akaifunga. Akasema ataifanya Ijumaa, mambo yakishapoa. Ijumaa ilipofika, wazo jingine lilikuwa limeshaingia, nalo lilikuwa baya zaidi: Constantin alikuwa ameanza kuuliza sehemu ya nani inaenda na sehemu ya nani inakwama, na iliyokwama ilikuwa ya Anaclet.

Anaclet alianza kukifunga kigutu kwa kitambaa, kwa sababu ngozi ilikuwa imechubuka kwa kukandamiza mara mbili ya zamani. Siku ya tatu kitambaa kilikuwa na doa jekundu. Chadia aliliona alipoweka mkoba wake mezani. Akasema habari za mchana, akaangalia dirishani.

Katika wiki ya tatu préfet, mkuu wa shule moja, alikuja kutazama programu. Sehemu ya Chadia ilikwenda. Sehemu ya Anaclet ilisimama kwenye mstari wa kwanza; bano moja lilikuwa halijafungwa. Préfet alikuwa mtu wa adabu, akashukuru na kuaga. Constantin alisubiri aondoke.

"Papa Anaclet, umejitahidi," alisema. "Lakini hii ni kazi ya macho mapya."

Anaclet alikusanya daftari lake na miwani. Mlangoni alimpa Chadia mkono wa kushoto. "Endelea muzuri, mwana. Miye ni kichwa njo imechoka. Minafungua accolade, kisha minasahau."

Chadia aliajiriwa. Nyumbani mama yake alipika pilau, baba yake akawaita majirani wawili. Alikula vijiko vitatu, akaisogeza sahani. Kesho yake, kabla ya kugusa kazi, alirudisha ule msaada wa mabano. Kiti cha asubuhi hakikuwa na mtu.

Jumapili alikwenda mtaa wa Annexe, akiuliza njia mpaka nyumbani kwa Anaclet. Yeye na mke wake, mama Agnès, walikuwa wamekaa kwenye viti vifupi wakipukuchua mahindi. Walimpa kiti. Hakukaa.

"Papa, haikukuwa kichwa yako. Miye njo nilizima ile kintu ya kufunga ma-accolade. Na uliponiuliza, nilikudanganya."

Mama Agnès aliacha kupukuchua.

"Siku gani?" Anaclet aliuliza.

"Ile Jumanne, wiki tatu sasa. Kesho yake ukaniuliza."

"Wiki tatu," alisema, kama anayepima uzito wa kitu. "Wiki tatu minamwambia bibi yangu kama akili inanitoka. Alinipeleka ku hôpital bapime kichwa."

"Na weye ulikuwa unamuona?" mama Agnès akauliza. "Ule mukono wenye kutoka damu, uliuona?"

"Eyo, mama. Niliuona."

Mama Agnès aliinuka akaingia ndani. Hakupiga kelele, na Chadia alitamani angepiga.

Anaclet alichukua gunzi jipya, akalibana kati ya magoti. "Minafurahi kichwa yangu iko muzima," alisema. "Lakini usinililie hapa ili nikuambie ni kintu kidogo. Enda useme kwa Constantin."

Jumatatu alisema. Constantin alikasirika, akamwita mwongo, akazunguka chumba mara mbili, mwishowe akasema bulletin zinatakiwa baada ya siku kumi na mbili, arudi kazini. Alimpigia Anaclet simu palepale amrudishe. Anaclet alimshukuru, akakataa. Alikuwa na mahindi ya kumaliza, na parokia ya jirani ilikuwa imemwomba afundishe vijana kompyuta. Huko, alisema, ataanza upya na watu asiowajua.

Ikabidi Chadia aimalize sehemu ya Anaclet. Alipofungua mafaili ya wiki zile tatu, alikuta kando ya mistari maneno ambayo mwandishi wa programu hujiandikia mwenyewe, ambayo mashine haiyasomi. *Funga hapa. Usisahau. Angalia tena, Anaclet. Ulisahau tena jana.* Yalikuwa mengi, ukurasa baada ya ukurasa, na kila neno lilikuwa limeandikwa kwa mkono mmoja.

Aliyasoma yote mpaka la mwisho. Kisha akaanza kusahihisha mabano, moja moja, na maneno yale akayaacha mahali pake.