Mkono Kwenye Kioo cha Nyuma

Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa ofisi, na karibu maisha yake yote aliendesha magari ya watu wengine. La kwake mwenyewe alilipata uzeeni, kuukuu, rangi ya bluu imekwisha kupauka, na akalitunza kuliko alivyotunzwa mume wangu utotoni. Hayo si maneno yangu, ni ya mume wangu. Mtaani walimwita Mzee Kitambaa, kwa sababu hukumkuta nje bila kitambaa cha kufutia gari begani, hata akienda dukani kununua kiberiti.

Maji ya kisima chetu ni magumu. Sabuni utaisugua mpaka uchoke, povu hulioni. Birika la chai limefanya ukoko mweupe ndani, na taulo zikikauka zinakwaruza mgongo. Tone la maji hayo likikaukia kwenye gari linaacha doa la chokaa lisilotoka kwa maneno matamu. Kwa hiyo mzee alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuvunje. Gari linaoshwa asubuhi, jua halijapanda, likiwa kwenye kivuli cha ukuta. Anaanzia paani anashuka. Sehemu moja inaoshwa, inasuuzwa, inafutwa pale pale, ndipo anahamia nyingine.

"Maji haya hayana subira," alikuwa akiniambia. "Ukiyapa nafasi ya kukauka, yanaandika."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa adui wa kazi hiyo. Aliketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, hata wakiwa wawili tu garini. "Umewaendesha mabosi miaka nenda miaka rudi," alisema. "Sasa bosi ni mimi." Na mumewe alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Mama akishuka aliusukuma mlango kwa kiganja kwenye kioo, na kwa kuwa alipenda kujipaka mafuta mikononi, mkono mzima ulibaki pale. Mzee alinung'unika, akaufuta. Safari iliyofuata ulikuwepo tena. Walitaniana hivyo mpaka nikawa nawaonea wivu.

Kisha mama akafa. Aliugua ghafla asubuhi moja sisi tukiwa kazini. Mzee akampakia garini, kwenye kiti chake kile kile, akampeleka hospitali. Akarudi peke yake. Alichotuambia ni neno moja tu, kwamba walichelewa. Hatukumdadisi, maana kidonda hakichokonolewi.

Baada ya msiba gari lilikaa chini ya turubai. Siku alipolifunua ili alioshe nilifurahi, nikasema mzee wetu anaturudia. Ndipo nikamwona analisukuma mpaka katikati ya ua, jua la utosi, akalimwagia maji ndoo kwa ndoo. Alipomaliza akaketi kwenye stuli mbele ya mlango wa nyuma wa kushoto, kitambaa kikavu begani, akayaacha maji yakauke yenyewe. Angetoka nje bila shati nisingeshangaa vile.

Akawa anafanya hivyo mara kwa mara. Gari lilitapakaa weupe kila mahali, na majirani wakaanza kupunguza sauti wakipita getini. Mume wangu akasema baba amechanganyikiwa, iko siku atalitia gari ukutani kwa mtu. Akatafuta mnunuzi. Mzee alipoambiwa habari hiyo mezani aliweka kijiko chini.

"Lisiondoke kwanza," akasema. "Kuna kitu nataka kukijua. Nikishakijua, lichukueni."

"Kitu gani, baba?" mume wangu akauliza.

Mzee akachukua kijiko chake, akaendelea kula. Mnunuzi akaambiwa aje Jumapili.

Jumapili asubuhi mume wangu alitoka kwenda kumpokea mgeni huyo, akaniachia chupa ya siki na maagizo ya kulitakatisha gari. Siki ndiyo dawa ya chokaa. Nikafunga kanga kiunoni nikaanza na paa, boneti, milango ya mbele. Kazi ilikuwa inakwenda, na mimi nikiwa kazini huwa naimba. Nilipofika kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, wimbo ulinikauka.

Palikuwa na mkono. Kioo kizima kilikuwa na ukungu mweupe, lakini mkono ulikuwa mweupe zaidi, vidole vitano vimetanuka, kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje. Cha mama kilipinda hivyo hivyo. Nikarudi nyuma hatua moja. Halafu nikajigombeza, nikasema acha ujinga, mwanamke. Mama alijipaka mafuta akasukuma mlango, na mafuta yakashika chokaa jinsi uso unavyoshika poda. Basi maskini mzee alikuwa akikaa juani kuutazama mkono wa mkewe. Roho iliniuma, lakini mnunuzi alikuwa njiani, na mume wangu namjua.

Nikamimina siki nikasugua. Ukungu wa kioo ukatoka wote. Mkono haukutoka. Nikasugua tena mpaka kioo kikalia. Nikainama nikautazama kwa ubavuni, na hapo nikaiachia chupa ikaanguka. Mkono ulikuwa upande wa ndani.

Maji ya kisima hayajawahi kumwagwa ndani ya gari lile. Nilitafuta sababu, nikasema labda mpira wa dirisha umechoka, labda yamepenya. Lakini chini ya ule mkono kioo kilikuwa kikavu na safi, hakuna hata njia ya tone moja.

"Acha, mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu. Mzee alikuwa amesimama pale, kitambaa begani.

"Baba, huu mkono uko ndani."

"Najua."

Akanisimulia, macho yake kwenye gari. Mlango ule haukuwa unafunguka kwa ndani. Kitasa kilivunjika zamani, na hakuna aliyejali kukitengeneza, maana mama alikuwa akifunguliwa kila siku. Siku ile walipofika hospitali mzee alishuka mbio kwenda kuita wauguzi walete machela. Alipokuwa anaondoka, kidole chake kilibonyeza kitufe cha funguo na milango yote ikajifunga. Hakukiagiza. Dereva wa ofisi haachi gari wazi, hata akienda kunywa maji tu, na mazoea yana taabu. Mapokezi walimzungusha, mara huyu hayupo, mara yule anakuja. Aliporudi na machela mama alikuwa ameegemea mlango, amekwisha kukata roho, na kiganja chake kiko kwenye kioo.

"Daktari aliniambia hata ningekuwa pembeni yake asingepona," akasema. "Nimemwamini. Ila huu mkono, mwanangu. Alikuwa ananiaga, au alikuwa ananiita? Ndicho kitu ninachotaka kukijua. Nayaacha maji yaandike. Kila mara unazidi kuonekana, lakini hauniambii."

Nililia tu. Akaufungua mlango wa nyuma.

"Hebu keti pale alipokaa. Nataka nione."

Ningekataa. Mimi si mwoga wa paka wala wa giza, lakini kiti kile kilinitisha. Niliketi kwa sababu uso wa mzee ulikuwa unaomba. Kiti kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Mzee akafunga mlango, akageuka, akachukua ndoo akaelekea kisimani. Nadhani alitaka kuuona mkono kwa mbali, kama mtu anayerudi. Nikasikia milango yote ikilia klak. Alikuwa amebonyeza funguo, na jinsi alivyokuwa akitembea nilijua kwamba hajui.

Kimya cha mle ndani sijawahi kukisikia kwingine. Harufu ya mafuta ya mama ilinijia puani. Nilitaka kugonga, nikauona mkono wangu unakwenda wenyewe, taratibu, ukatua juu ya ule mkono mweupe. Ukaenea sawasawa. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, na kioo kilikuwa baridi. Sikugonga. Sikufungua mdomo. Niliutazama tu mgongo wa mzee unavyokwenda zake, nikahisi uchungu ambao haukuwa wangu.

Mzee akasimama ghafla. Ndoo ikamponyoka. Akarudi mbio na magoti yake yale mabovu, akahangaika na funguo, akafungua.

"Nimekuja," akasema, pumzi juu. "Nimekuja. Nimesikia."

"Umesikia nini, baba?"

"Umeniita."

"Sijakuita. Sijasema kitu."

"Umeniita kwa jina langu."

Jina la baba mkwe sijawahi kulitamka tangu niolewe, na yeye anajua. Katika nyumba ile aliyemwita kwa jina alikuwa mtu mmoja tu. Tulitazamana.

"Hata siku ile nililisikia," akasema. "Nimefika mlangoni pa hospitali, nikalisikia vile vile. Nikasema moyoni, ngoja, narudi sasa hivi."

Nilishuka nikamshika bega. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na sikumwambia anyamaze. Alipotulia aliiokota ndoo, akachota maji kisimani, akachovya kitambaa, akakikamua, akaingia nusu mwili garini, akakifuta kioo kwa ndani, kuanzia juu kushuka. Mkono ulitoka mara moja, bila siki. Kisha akakigeuza kitambaa upande mkavu, akakausha kila tone.

Mume wangu alipofika na mnunuzi, mzee alikuwa ameketi kwenye stuli. Alimwambia mgeni gari amemuuzia, lakini haliondoki mpaka mlango wa nyuma utengenezwe. Mnunuzi akasema yeye hajali, huko nyuma atapakia mizigo tu. Mzee akasema yeye anajali. Alimwita fundi, akasimama juu ya kichwa chake mpaka kitasa kipya kikakaa.

Siku ya kuondoka kwa gari mzee aliketi mwenyewe nyuma kushoto, mlango umefungwa, sisi tumesimama nje na mnunuzi ananyoosha mkono kupokea funguo. Akavuta kitasa. Mlango ukafunguka. Akaufunga, akaufungua tena. Mnunuzi akacheka, akasema inatosha, mzee wangu, tumeona unafunguka. Mzee hakumsikia. Akaufunga, akaufungua tena.