Nani kasema mpiga tarumbeta alilala?

Saa mbili asubuhi, juu ya duka la matairi, mwanamke mmoja anamtazama mwanajeshi aliyekufa zamani kama mteja anavyomtazama muuza nyama aliyeegemeza kidole kwenye mizani.

Mwanajeshi yuko kwenye picha, ukurasa wa kwanza. Ana sharubu zilizochongoka, medali kifuani na fimbo kwapani. Mwanamke anamgonga paji la uso kwa kitako cha kalamu.

"Huyu," anasema, "kuna kitu ananificha."

Kazi yake ni kuhakiki kamusi elezo, ile kamusi nene ya watu, miji, wanyama na vita inayokaa kwenye makabati ya shule, na siku hizi ipo pia mtandaoni. Yeye hatungi. Anapewa wasifu ulioandikwa na wengine miaka mingi nyuma, anaupitia neno kwa neno, anatoa kilichooza na kuongeza kilichopungua. Wiki hizi ameshinda na Meja Fimbo, afisa wa vita vya zamani aliyepata jina hilo kwa sababu aliingia vitani na fimbo, bunduki akawaachia askari wake.

"Ya fimbo nimeikuta kwa watu watatu wasiojuana," anasema. "Nimeiacha."

Hapo ofisini jina lake halitumiki. Wenzake wanamwita Nani-Kasema, kwa sababu ndilo swali lake kwa kila sentensi. Mezani ana kalamu mbili za rangi. Sentensi inayoonyesha ilikotoka, yeye anasema ina mzazi, anaipigia mstari wa bluu. Isiyoonyesha anaipigia mwekundu.

"Hiyo ni yatima," anaeleza. "Na hii nyumba haileti yatima mezani."

Malipo ni kwa ukurasa, tena ukurasa uliokwisha. Wasifu wa Meja ulikuwa na kurasa sita alipoupokea. Sasa zimebaki nne, maana yake kila anapoifanya kazi yake vizuri anajipunguzia mshahara. Mumewe, fundi bomba, anamtania kwa hilo bila huruma. "Sinki moja likiziba mimi napata kuliko Meja mzima," anasema. "Na sinki halina medali."

Mume huyo anasema nyumbani pia hakuna amani. Watoto wao watatu wamejifunza. Mama akisema chakula kiko tayari, wanamjibu kwa pamoja, "Nani kasema?"

"Nilipomwambia nampenda," mume anaongeza, "aliniuliza nimeambiwa na nani."

Tabia hiyo hakuitoa kwenye vitabu. Kwa miaka saba alisimama kwenye lango la kiwanda cha nguo, akipekua mikoba ya wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu. Kiwanda kilipofungwa, Mhariri Mkuu wa kamusi, aliyekuwa akipanga nyumba ya jirani, alimpa majaribio ya kusoma nakala kabla hazijachapwa. Hajaondoka tangu hapo.

"Langoni nilijifunza jambo moja," anasema. "Mtu wa kawaida ukimpekua ananuna. Mwizi hasa anakushukuru, anakuuliza habari za watoto."

Sentensi iliyomkosesha usingizi iko ukurasa wa tatu. Inasema Meja alishindwa kivukoni kwa sababu mpiga tarumbeta wake, askari aliyewekwa ukingoni mwa mto ili aamshe kambi hatari ikija, alilala zamu, adui akavuka alfajiri bila onyo.

Mtu mwingine angeisoma akaendelea. Nani-Kasema alisimama.

"Kurasa mbili nzima Meja anashinda peke yake," anasema. "Hapa kashinda, pale kashinda, hana hata mpishi. Siku anashindwa, ghafla ana msaidizi. Wewe hilo halikuwashi?"

Mhariri Mkuu alikuwa ametoa tangazo gazetini, kwamba toleo jipya linaandaliwa na mwenye habari za Meja Fimbo aje. Walikuja wawili.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Meja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alipanda ngazi na kijana wa kubeba, na kijana alikuwa amebeba feni mpya, bado iko kwenye boksi.

"Dada yangu, nimesikia huku juu mnaiva," alisema. "Nikasema hapana, watu wanaomtunza babu hawawezi kuiva."

Aliwasifu wote. Aliuliza watoto wanasoma wapi. Mwisho, akiwa tayari mlangoni, alisema hana ombi lolote, ila tu ile habari ya kivukoni isiguswe, maana historia ni historia.

Wenzake walikuwa wameshaitoa feni kwenye boksi, nayo imeanza kuzunguka. Nani-Kasema alichomoa waya, akairudisha kwenye boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi. Wenzake walimnunia mpaka jioni. Mmoja alijipepea kwa kurasa za wasifu wa Meja, makusudi, mbele yake.

Siku mbili baadaye akaja wa pili, bibi mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani na kichane cha ndizi mkononi. Ni binti wa mpiga tarumbeta, mtoto wa mwisho, na ndiye pekee aliyebaki. Nani-Kasema alimwamkia, akampa kiti, na kabla bibi hajakaa sawasawa akazirudisha zile ndizi upande wa bibi wa meza.

"Bibi, hizi utarudi nazo."

"Mwanangu! Ndizi zangu nazo zina hila?"

"Sijui bibi. Ndiyo maana utarudi nazo."

Bibi alimwangalia. "Wewe ulizaliwa au ulichongwa?"

Habari yake aliisema bila kusita, kama mtu aliyeisema mara nyingi bila kusikilizwa. Baba yake hakulala. Alipiga tarumbeta mpaka midomo ikapasuka, na Meja alisikia, akasema ni mazoezi, akageukia upande wa pili wa kitanda.

"Nani kasema?"

"Mama yangu."

"Alikuwepo kivukoni?"

"Hakuwepo. Aliambiwa na baba."

Nani-Kasema alichukua kalamu nyekundu. Bibi aliiona.

Hapo ndipo bibi alipoeleza kilichompandisha ngazi zile kwa magoti yake mabovu. Mtaani ukoo wao unaitwa kina Sinzia. Kijana wa kwao akichelewa kazini, watu wanasema ni damu. Mjukuu wake mmoja alipiga mwayo darasani, mwalimu akaifungua kamusi ukurasa wa Meja, akawasomea wenzake. Na toleo jipya litakwenda kila shule.

"Mimi sina muda mrefu," bibi alisema. "Hiyo sentensi ikichapwa tena, itanizika mimi, itabaki na hao watoto."

Alipoondoka, Nani-Kasema alikaa akiitazama ngazi. Anakiri bibi alimgusa, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. "Yule wa feni alitaka nimpende," anasema. "Bibi hakutaka nimpende, lakini nikampenda. Wote wawili wana lao. Anayelia naye hupekuliwa."

Tatizo lilikuwa kwamba sentensi ile ya kivukoni ilikuwa na mzazi. Chini yake palitajwa kitabu cha historia cha shule, kilichoandikwa na mwalimu ambaye sasa amestaafu. Kwa kanuni za ofisi, ilistahili mstari wa bluu. Wahakiki wengi wangeipiga bluu wakaenda kula. Lakini mzazi naye ana wazazi. Alitafuta namba ya mwalimu, akampigia, na kwa vile simu yake haisikiki bila spika, ofisi nzima ilisikia.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Alijitambulisha. Akamuuliza habari ya mpiga tarumbeta kulala zamu ameitoa wapi.

"Aa, hilo rahisi," alisema mwalimu kwa furaha ya mtu aliyekumbukwa. "Si kwenye kamusi yenu? Ile ya zamani, ya jalada la kijani."

Ofisini mtu alikohoa.

"Mwalimu, kamusi yetu inasema imeitoa kwako."

"Kwangu mimi?"

"Kwako wewe. Ukurasa wa arobaini."

Kisha mwalimu akasema taratibu, "Basi mwanangu tumekunywa maji ya mtungi mmoja, kila mtu anamsifu mwenzake kwa maji matamu. Na aliyeujaza hatumjui."

Kamusi ya jalada la kijani waliishusha kutoka juu ya kabati. Sentensi ilikuwemo, neno kwa neno, na chini yake hapakutajwa mtu wala kitabu. Walioiandika wote wamekufa. Kamusi ilikuwa imesema jambo, mwalimu akalirudia, kisha kamusi ikamwita mwalimu awe shahidi wake.

Je, anamshuku mtu? Anacheka bila furaha. "Namshuku, tena sana. Lakini nikiandika ninachoshuku, nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha yule wa jalada la kijani."

Mhariri Mkuu, mzee mpole anayeogopa ugomvi na wenye maduka, alikubali sentensi itoke. Lakini aliuliza pengo litazibwa na nini, maana watoto watataka kujua kwa nini Meja alishindwa.

"Weka 'Sababu ya kushindwa kwake haijulikani,'" Nani-Kasema alimjibu.

"Mtoto atauliza, mwalimu atakosa jibu."

"Na akose. Likipatikana, tutampa."

Mjukuu wa Meja alipiga simu siku hiyohiyo. Alikuwa amepata habari kabla wino haujakauka, na Nani-Kasema mpaka leo anawaangalia wenzake mmoja mmoja akijiuliza nani alimpelekea.

"Yaani babu yangu alishindwa tu, hivihivi?"

"Inatokea, kaka."

"Nitakuja na wakili."

"Njoo naye. Ngazi anaijua? Ile ya tatu imelegea."

Hajaja bado.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia bibi. Alikuja mwenyewe, safari hii mikono mitupu, akaomba asomewe. Nani-Kasema alimsomea ukurasa wote, polepole. Hapakuwa na mpiga tarumbeta aliyelala. Bibi alifumba macho. Kisha akayafumbua.

"Haijulikani?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi najua."

"Wewe umeambiwa, bibi."

"Kwa hiyo," alisema bibi, "baba yangu umemtoa jela, halafu umemwacha amesimama mlangoni. Kila anayepita atamuuliza ulifanya nini humo ndani."

Chini, mafundi walikuwa wakigonga rimu, na sakafu ilitikisika kidogo.

Ndipo Nani-Kasema alipomweleza kanuni moja ambayo haitumiki mara kwa mara. Kamusi hukubali simulizi za mdomo, lakini lazima zitoke pande mbili zisizopendana, na zifanane bila watu kupangana. Upande mmoja ni bibi. Upande wa pili uko ng'ambo ya mto, kwa vizazi vya wale waliovuka alfajiri ile. Wao ndio walioambiwa na babu zao kama walipokewa na tarumbeta au na ukimya.

"Hawana sababu ya kumpendelea baba yako," alimwambia. "Lakini sikiliza, bibi. Wakisema walimkuta amelala, nitaandika amelala, na safari hiyo haitafutika tena. Ukinikatalia kurekodi habari yako, upande mmoja haupo, na mimi siendi. Itabaki haijulikani. Watoto wako wataishi nayo, si mbaya sana."

Bibi alimuuliza yeye anashauri nini.

"Mimi sishauri."

Alikaa. Alilifungua fundo la kitambaa chake, akalifunga upya. Bibi huyo alikuwa ameshapata alichokifuata, sentensi imetoka, angeweza kuteremka ngazi akaenda zake. Badala yake alikisogeza kiti karibu na meza.

"Anayeogopa kuulizwa ndiye aliyelala," alisema. "Washa hiyo simu."

Alizungumza mpaka betri ikaomba chaji.

Toleo jipya limekwenda kuchapwa likiwa na "haijulikani" yake. Ukurasa wa mtandaoni, ambao hurekebishwa wakati wowote, unasubiri. Nani-Kasema ameomba likizo ya wiki moja, bila malipo. Ataondoka Jumatatu kwa basi na kushuka ng'ambo, na ataanza kuuliza kwa wenyeji habari za vita kwa jumla, asitaje tarumbeta hata mara moja mpaka walitaje wenyewe. Bibi alitaka waende wote. Alimkatalia.

"Wakimwona watamhurumia," anasema. "Mtu akikuhurumia anakupa jibu unalolitaka."

Swali la mwisho ni lile ambalo kila mtu ofisini analimung'unya: yeye mwenyewe anatumaini kusikia nini huko?

Anakunja uso kama aliyeshikwa mfukoni.

"Hilo usiniulize. Nikianza kutumaini, nitasikia ninachokitaka." Anaziweka kalamu zake mbili kwenye mkoba, anavuta zipu. "Tumaini langu ni moja tu. Waliosimuliwa niwakute bado wako hai. Watakachosema ni chao."